Waliochovya Bakuli Moja

Katika kanisa letu mhubiri hashiki Biblia. Anasimama mbele mikono mitupu, na kando yake anasimama msomaji. Mhubiri akisema "Soma," msomaji anasoma kipande kifupi. Mhubiri anakipokea, anakigeuza kwa Kidholuo, anakirudisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, anakibandika juu ya jambo lililotokea wiki hiyo, kisha anasema tena, "Soma." Hivyo ndivyo mahubiri yanavyokwenda hadi jua linapochoma mabati na watoto wachanga wanapoanza kulia. Nilikuwa msomaji wa babu yangu tangu shule ya msingi. Alipofariki nikawa msomaji wa baba mdogo, aliyelirithi kanisa. Niliendelea kusoma hata nilipokuwa siamini nusu ya nilichosoma, kwa kuwa nilikuwa na sauti inayofika nyuma, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza msomaji anaamini nini.

Babu alifariki wakati wa mvua za masika. Jioni ile yeye na Dani, yaani nyanya yangu, walikuwa wamealikwa chakula kwa rafiki yake, mzee anayeuza makoti na mashati ya mitumba katika soko la Kibuye. Walikula, wakacheka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Babu akaketi avue viatu, akasema kifua ni kizito, na kabla pikipiki haijapatikana alikuwa ameshatutoka. Daktari alituambia ni moyo. Haikuwa habari ya kumshangaza mtu. Miaka mingi alikuwa akiambiwa apunguze chumvi, naye alikuwa akijibu kwamba aliyeumba ziwa bila chumvi alitaka watu wajiongezee wenyewe.

Hakukuwa na kitu cha kueleza. Mzee alikuwa mgonjwa, akafa. Lakini kabla mvua hazijaisha, rafiki yake yule alikuwa ameshakuwa msaliti, na niliona kwa macho yangu jinsi alivyofanywa msaliti, Jumapili baada ya Jumapili, kipande kwa kipande. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma.

Chuoni, kule Bondo, nilisomea dini. Jamaa zangu walidhani nitarudi nikiwa mhubiri. Nilirudi nikiwa na maswali. Tulikuwa na mhadhiri mpole, mwenye sauti ndogo, ambaye alitufundisha kwamba walioandika Injili waliandika miaka mingi baada ya mambo yenyewe, kwa Kigiriki, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Walikuwa na habari walizosimuliwa, na walikuwa na maandiko ya Wayahudi, ambayo hata wakati ule yalikuwa ya kale. Pale ambapo hawakujua jambo lilivyotokea, walijua pa kulitafuta.

Nabii Hosea anamtaja mwana aliyeitwa kutoka Misri, na ukimsoma Hosea mwenyewe utaona anaongea juu ya taifa zima, na juu ya jambo lililokwisha kupita. Mathayo anauchukua mstari huo, na sasa ni mtoto mmoja mikononi mwa mama yake. Mtunga Zaburi analalamika kwamba adui zake wanagawana nguo zake, na karne nyingi baadaye askari wanapiga kura chini ya msalaba. Mhadhiri hakusema kwamba ni uongo. Alisema tu kwamba watu wenye majonzi hurudi kwenye maneno wanayoyajua, na maneno hayo huanza kuwaonyesha walichokiona. Nilitoka darasani nikiwa na furaha ya mtu aliyeonyeshwa jinsi kiini macho kinavyofanywa. Sikujua kwamba nitakikuta nyumbani.

Kilianza na punda. Siku ya mazishi, gari lililobeba jeneza lilikwama kwenye udongo mweusi kabla ya kufika bomani kwetu, nao vijana wakalihamishia jeneza kwenye mkokoteni wa punda, ule wa kuchotea maji. Jumapili iliyofuata baba mdogo akasema, "Soma Zekaria," nami nikasoma habari za mfalme mnyenyekevu anayekuja amepanda punda. Akaipokea vizuri. Watu wakalia. Zekaria, kama washairi wa Kiebrania wafanyavyo, analitaja jambo moja mara mbili: punda, naam, mwana wa punda. Mathayo alipolikuta hilo, akamletea Yesu wanyama wawili. Na kufikia Jumapili ya tatu, babu yangu naye alikuwa amevutwa na punda wawili, mama na mwanawe.

Nilikwenda kumwuliza Dani, aliyekuwa ameketi nje akichambua omena, dagaa wa ziwani kwetu.

"Dani, punda walikuwa wangapi?"

"Mmoja," akasema bila kuinua macho. "Na alikuwa akijamba njia nzima. Hilo baba yako mdogo halihubiri?"

Tulicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja chenye magamba. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukilicheka jambo hili.

Kwetu, nguo za marehemu hugawiwa jamaa baada ya mazishi. Wazee hukaa, wakamfikiria aliyekuwa karibu naye, aliyemsaidia, mwenye mwili unaolingana na shati. Ni kazi ya utaratibu, na maneno mengi husemwa hapo ambayo hayangesemwa mahali pengine. Safari hii baba mdogo aliniambia kwanza nisome ile Zaburi ya nguo. Nikasoma. Wazee wakatazamana, kisha mmoja wao akasema tusigawe, tupige kura. Wakatia vizibo vya soda ndani ya kofia. Koti zuri la babu, ambalo kila mtu alijua lilikuwa liende kwa binamu yangu mkubwa aliyemwogesha kila ugonjwa ulipomlaza kitandani, likaangukia kijana ambaye mikono yake ilipotelea ndani.

Binamu akamsaidia kijana yule kukunja mikono ya koti. Mimi ndiye niliyehisi baridi. Chuoni tulikuwa tumejifunza jinsi mstari unavyoweza kuibadilisha hadithi baada ya tukio. Hakuna aliyetuambia kwamba mstari unaweza kulitangulia tukio, ukalisubiri njiani.

Jumapili iliyofuata ziwa lilikuwa limepanda hadi karibu na uzio wa kanisa, na magugu maji yalikuwa yameufunga ufuo wote, kijani kibichi, kana kwamba mtu angeweza kutembea juu yake. Hewa ndani ilikuwa nzito. Baba mdogo alikuwa amekonda. Akasema, "Soma Zaburi ya arobaini na moja. Soma mstari wa tisa."

Nilijua ni upi kabla sijaufungua. Ni pale mgonjwa anapolia kwamba hata rafiki yake wa kuaminiwa, aliyekula chakula chake, ameinua kisigino dhidi yake. Ndio mstari ambao Injili ya Yohana inaukumbuka kwenye karamu ya mwisho. Nilisoma. Baba mdogo akaupokea kwa sauti ya chini, akasema baba yake hakuanguka shambani, wala njiani, wala ziwani. Alitoka mezani. Akauliza, ilikuwa meza ya nani?

Yule mzee wa Kibuye alikuwa ameketi benchi la tatu, mahali pake pa siku zote. Alikuwa amekuja Kisumu akiwa kijana kutoka vilima vya mkoa wa Magharibi, na Kidholuo chake hakikuwahi kunyooka, kwa hiyo alikuwa akingoja Kiswahili. Kiswahili kilipokuja, aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mahubiri yoyote. Ni pale alipoona shingo zimegeuka ndipo kichwa chake kikasimama.

Baada ya hapo habari zilijazika zenyewe. Mama mmoja alikumbuka kwamba mzee yule aliondoka mezani mapema. Mwingine, ambaye jioni ile alikuwa Bondo kwa biashara zake, alisema wawili hao walichovya ugali kwenye bakuli moja, naye babu akamtazama mwenzake machoni. Nilimwuliza, ni nani huku asiyechovya ugali kwenye bakuli moja na mwenzake? Akanijibu kwa huruma, "Msomi wetu, wewe unaangalia bakuli. Angalia mkono."

Nilimtembelea mzee Kibuye siku ya soko kubwa. Watu walikuwa wamejaa, lakini mbele ya makoti yake palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Alinikalisha juu ya bunda ambalo halijafunguliwa.

"Wanasema nilimlisha samaki mwenye kitu," akasema. "Samaki gani? Tulikula mboga. Na babu yako alilalamika, akasema hii mboga imepikwa na mtu wa hospitali."

"Kwa nini bado unakwenda kanisani, Mzee?"

"Nikiacha kwenda watasema nini?"

Akakunja koti ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mwenye nyumba alikuja jana," akasema. "Mtu mzuri, tunakaa naye benchi moja. Amesema nitoe vitu vyangu kabla ya Jumamosi ya ukumbusho wa babu yako. Nikamwuliza, nina makosa gani? Akasema, 'Mzee, huna makosa na mimi. Lakini hii nyumba yangu iko na paa mpya.'"

Alilisema hilo polepole, kama mtu anayenisomea mstari ili nimweleze maana yake. Maana yake ilikuwa wazi. Mwenye nyumba hakuwa na hasira, wala hakuamini hadithi yoyote. Alikuwa tu amejua, kama watu wanavyojua mvua, kwamba Jumamosi baada ya ibada kuna nyumba itakayochomwa, naye hakutaka iwe yake.

Siku hiyo hiyo nilipanda Milimani, mtaa wa matajiri, kwenye boma moja kubwa ambako baba mdogo ndiye msimamizi wa bustani. Nilimkuta ameshika mpira wa maji, ananyunyizia majani ambayo mvua ilikuwa imeyalowesha asubuhi.

"Baba mdogo, ile Zaburi haimhusu babu."

"Inamhusu nani?"

"Mtu mmoja wa zamani sana, mgonjwa, anayelalamika kwamba watu wake wanangoja afe."

"Na walioandika Injili, waliposema inamhusu Bwana?"

"Waliichukua. Walikuwa na kifo wasichokielewa, wakaenda kukitafutia maneno."

Akafunga maji. "Sasa mimi nimefanya nini tofauti?"

Katika miaka yote ya chuo, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali gumu kama hilo, na aliyeliuliza alikuwa na matope hadi magotini. Nilimwambia kwamba tofauti ni kuwa msaliti wake yuko hai. Ana chumba karibu na soko. Ana mlango wa mbao. Nikamwambia pia lililofuata baada ya hadithi ile ya kwanza kuandikwa: jinsi Wakristo walivyomtazama msaliti mmoja wakaona taifa zima, na karne baada ya karne Wayahudi ambao hawakuwahi kukaa kwenye meza ile wakachomewa nyumba zao, na waliochoma walikuwa wametoka kusali.

Alinisikiliza hadi mwisho. Yeye si mjinga, wala si mkatili, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

"Mzee akifa kwa moyo," akasema, "ni mzee amekufa. Watu wanazika, wanakula, mwezi ujao wako kwenye kanisa lenye spika kubwa. Mzee akisalitiwa, kuna kanisa." Akaukunja mpira wa maji mkononi. "Halafu Dani alinipigia jioni ile baba anakufa. Alinipigia mpaka akachoka. Simu ilikuwa imezima. Ukiniondolea huyu mtu, anabaki nani wa kulaumiwa?"

Ndege fulani walikuwa wakipiga kelele juu ya mti, na ndani ya nyumba kubwa mtu alicheka kwenye simu.

"Jumamosi utasoma?" akauliza.

"Nitasoma."

Watu waliokuja kwenye ukumbusho walikuwa wengi kuliko waliokuja kuzika. Nyuma kabisa walisimama vijana ambao sikuwahi kuwaona kanisani, hawana Biblia wala vitabu vya nyimbo, wameegemea ukuta wa mabati. Mzee wa Kibuye alikuja amevaa koti jeusi, akaketi benchi la tatu peke yake. Benchi la watu sita.

Nilikuwa na mpango, na niliuona ni mzuri. Baba mdogo aliposema, "Soma Zaburi ya arobaini na moja," sikuanzia mstari wa tisa. Nilianzia wa kwanza, unaombariki mtu anayemjali mnyonge. Alinitupia jicho, lakini mhubiri wetu hawezi kukikataa kilichosomwa. Akakipokea, akakigeuza, akakirudisha. "Soma." Nikasoma pale mgonjwa anapokiri kwamba yeye mwenyewe ametenda dhambi. Akakipokea hicho pia, polepole zaidi. "Soma." Nikasoma mstari wa sita, ule wa wageni wanaokuja kumtazama mgonjwa huku mioyo yao ikikusanya uovu, na wakitoka nje wanautangaza. Nilitaka wajisikie wenyewe. Nilitaka Zaburi ile, ambayo ilikuwa imetumiwa vibaya, iwageukie.

Na kweli, shingo ziligeuka. Lakini hakuna aliyejitazama. Ziligeuka zikatafuta, zikapita kwa mzee, zikaenda upande wa akina mama, zikatua kwa mjane mmoja wa kwaya ambaye alikuwa akija mara nyingi kumjulia babu hali. Alikuwa akija na uji. Niliona mwanamke aliyekuwa karibu naye akisogeza mkoba wake, kidogo tu. Niliona mjane yule akiielewa maana ya mkoba ule, na uso wake ukawa kama jivu. Ilikuwa imechukua mstari mmoja. Nilikuwa nimedhani nina dawa mkononi, kumbe ni kisu kile kile, nimekishika upande mwingine.

"Soma wa tisa," akasema baba mdogo.

"Nimemaliza kusoma," nikasema, nikaifunga Biblia.

Hapo Dani akasimama. Hakuomba ruhusa. Alisema, "Mimi nilikuwa kwenye hiyo meza. Hakuna mwingine hapa aliyekuwepo, ni mimi na huyu mzee. Tulichovya bakuli moja, sisi sote. Mume wangu aliitisha chumvi, nikamnyima, akanicheka. Alikuwa anaumwa. Mnajua alikuwa anaumwa."

Alikuwa anataka kuendelea. Lakini kwetu, mtu anapotoa ushuhuda mrefu kupita kiasi, kwaya humsaidia kuketi kwa kuanzisha wimbo, na kwaya ikaanza. Haikuanza kwa ubaya. Waliimba wimbo alioupenda babu, kwa sauti nne, na Dani alisimama midomo ikicheza hadi nikashindwa kujua kama bado anashuhudia au ameanza kuimba nao.

Wimbo ulipoisha, baba mdogo aliusema mstari wa tisa kwa kichwa, bila msomaji. Sikujua kwamba anaujua. Aliusema mikono ikiwa mitupu, huku machozi yakimtoka, na wale vijana wa nyuma wakaacha kuegemea ukuta.

Mzee wa Kibuye aliinuka. Alifunga kifungo kimoja cha koti lake, akatembea katikati ya mabenchi hadi nje, na hakuna aliyemgusa. Nadhani ni kwa sababu Dani alikuwa amemshika mkono, nami nilikuwa upande wa pili. Tulikwenda naye hadi kwake. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa kila kitu nje, amekipanga vizuri ukutani, sufuria ndani ya sufuria, na alikuwa amemtafutia pikapu. Alitusaidia kupakia.

Jua lilikuwa la utosini. Nalikumbuka kwa sababu mzee alikataa kuvua koti, na jasho lilikuwa likimtoka hadi kwenye nyusi, naye Dani alilipangusa kwa ncha ya leso yake kama anayempangusa mtoto.

"Unakwenda kwa nani huko vilimani?" nikamwuliza.

"Simjui mtu. Niliowajua wamekufa." Akapanda mbele, kando ya dereva. "Mwambie baba yako mdogo sikukasirika." Pikapu ikawashwa. Akatoa kichwa dirishani. "Hapana. Mwambie nimekasirika."

Nyumba haikuchomwa. Paa jipya lipo hadi leo. Nami sikurudi kusoma. Nilikwenda Bondo kuhangaikia kazi, na msomaji sasa ni msichana mwenye sauti nzuri kuliko yangu.

Habari za ibada nilikuwa nikizipata kwa Dani, kwa simu. Juzi aliniambia kwamba baba mdogo alikuwa amehubiri juu ya kuondoka kwa yule mzee. Msichana aliambiwa asome ile sehemu katika Yohana ambapo msaliti anapokea tonge, anatoka nje, na nje tayari ni usiku. Baba mdogo alieleza jinsi mzee wa Kibuye naye alivyoondoka kwenye giza, kimya, mgongo kwa watu, na wengi walisimama kushuhudia kwamba waliliona giza lile.

"Na wewe ulisema nini?" nikamwuliza.

"Ningesema nini? Kwaya iko pale."

"Lakini Dani, ulikuwepo. Ulimpangusa jasho."

Nikawa nasikia kuku wake kwenye simu, na nyuma ya kuku, mbali, ziwa.

"Nilimpangusa, ndiyo," akasema. "Lakini kulikuwa na wingu, sivyo? Naona kama kulikuwa na wingu kubwa."